Kalemie: Moshi ni ule ule, upepo ndio unachagua nani atakohoa

Mwezi wa tisa, mvua ikiwa haijaanza, kuna asubuhi ambazo mji wa Kalemie unaamka bila kuona ziwa lake. Mtu akisimama juu ya kilima anaona mapaa ya bati, anaona miembe, kisha anaona kitu cheupe kilicholala juu ya mabonde kama ukungu. Lakini ukungu wa kweli haunuki. Huu unanuka makala, majani makavu na mafuta ya samaki. Saa tatu ya asubuhi, jua likiisha kupanda, weupe huo unapasuka, maji ya Tanganyika yanatokea, na watu wanausahau. Kesho yake unarudi.

Wengi wanapita ndani yake wakienda kazini, wanafuta macho, basi. Mama mmoja mkaushaji wa samaki hakuweza kuupita hivyo. Mjukuu wake wa miaka 4, anayelala naye tangu mzazi wake alipokwenda kutafuta maisha Lubumbashi, alianza kukohoa. Hakukohoa siku nzima. Alianza usiku ukiwa karibu kwisha, akaendelea mpaka jua lipande, kisha akatoka kucheza na wenzake kana kwamba hakuna kitu. Bibi yake alimpa maji ya ndimu na asali. Akampeleka kituo cha afya mara mbili. Dawa zilimpa nafuu ya siku chache, halafu kifua kikaanza tena kulia kama filimbi.

Kilichomshangaza mama huyo ni kwamba kazi yake si ya jana. Amekausha mikebuka kwa miaka zaidi ya 20. Watoto wake sita walikua kando ya moto huo huo, na hakuna aliyekohoa namna hii. Pipa ni lile lile la chuma lililokatwa nusu, waya ni ule ule, kuni ni zile zile zinazoshuka kutoka vijijini kwa baiskeli. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika, nacho ni nyumba.

Zamani alikaa kando ya maji. Kisha ziwa likapanda. Wakaaji wa Kalemie wanaikumbuka vizuri miaka ya 2021 na 2024, maji yalipoingia majumbani na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Familia nyingi zilibeba vitanda na bati, zikatafuta pa kukaa mbali na ufuko. Yeye alipata nyumba ya kupanga bondeni, nyuma ya kilima, mahali penye baridi nzuri ya usiku. Aliifurahia baridi hiyo. Hakujua kwamba ndiyo iliyokuwa inamfungia moshi.

Mara ya tatu alipokwenda kituo cha afya, mwuguzi hakumwuliza tu mtoto anakohoa siku ngapi. Alimwuliza: «Anakohoa saa gani? Na moto wako unawaka saa gani?» Mama hakuwa na jibu la haraka. Aliporudi nyumbani alichukua kipande cha makala, akaanza kupiga alama kwenye mlango wa jikoni: mstari mmoja kwa kila alfajiri mtoto alipoamka na kikohozi. Alama zikajipanga zenyewe. Siku za upepo mwingi hapakuwa na kitu. Usiku wa mbingu safi, nyota nyingi, baridi, bila jani kutikisika, alama ilikuwa lazima.

Aliyemsaidia kuzisoma alama hizo ni kaka yake mkubwa, mvuvi wa zamani ambaye sasa magoti yanamkataza kupanda mtumbwi. Mama alimwuliza waziwazi:

— Yaya, moto ni ule ule. Mbona kule ufukweni moshi haukutusumbua?

Mzee alicheka.

— Mdogo wangu, kule moshi yako ilikuwa inasafiri na sisi. Tukitoka usiku kwenda kuvua, upepo wa nchi kavu unatusukuma mgongoni. Tulikuwa tunanusa samaki zako mpaka mbali, taa za mji zimekuwa ndogo. Hapa kwako upepo haufiki. Angalia.

Ilikuwa jua limezama, hewa imetulia. Aliokota majani makavu, akayatia kwenye moto. Moshi ulipanda wima mpaka kimo cha mwembe, ukasimama, kisha ukajilaza ukaenea pande zote kama mkeka. Haukuondoka. Waliutazama wote wawili mpaka giza likaingia, na mtoto akaanza kupiga chafya.

Yale mzee aliyoyajua kwa mgongo wake, wataalamu wa hali ya hewa wanayaeleza hivi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita karibu 670 na kina kinachofika mita 1,470. Maji mengi namna hiyo hayapati joto upesi wala hayapoi upesi. Mchana nchi kavu inawaka kuliko ziwa. Hewa ya juu ya udongo inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kuchukua nafasi yake: ndio upepo wa mchana unaotoka majini. Usiku mambo yanageuka. Udongo unapoa, ziwa linabaki na joto lake, na hewa baridi ya vilimani inateremka kwenda majini: ndio upepo unaowasukuma wavuvi. Mtu wa ufukweni anafagiliwa moshi wake mara mbili kwa siku bila kulipa mfagiaji.

Bondeni, hewa baridi hiyo hiyo inateremka kama maji. Ikikuta njia ya kufika ziwani inapita. Ikikuta shimo inajaza shimo. Usiku wa kiangazi mbingu haina mawingu, na udongo unaachilia joto lake lote liende juu, kama mtu aliyelala bila blanketi. Hewa iliyogusana na udongo inakuwa baridi na nzito. Ile iliyo juu yake inabaki na joto. Kwa kawaida hewa inapoa kadiri mtu anavyopanda. Hapa inakuwa kinyume: baridi chini, joto juu. Moshi unapanda kidogo, unapoa, unakuta juu yake hewa iliyo nyepesi kuliko wenyewe, unashindwa kuendelea. Ni kama sufuria iliyofunikwa. Kifuniko hakionekani, lakini kinakaa hapo mpaka jua lipate nguvu ya kupasha udongo na kukivunja. Ndiyo maana saa tatu ya asubuhi mji unafunguka.

Sufuria hiyo imewahi kuua watu wengi. Kuanzia tarehe 5 mpaka 9 Desemba 1952, mji wa London huko Uingereza ulikaa chini ya kifuniko cha namna hii. Watu hawakuwa wameanza kuchoma makaa ya mawe siku hiyo. Walikuwa wanachoma kila mwaka wakati wa baridi. Kilichobadilika ni kwamba hewa ilisimama. Hesabu ya kwanza ilitaja watu karibu 4,000 waliokufa kwa sababu ya moshi ule, wengi wao wazee na watoto. Mwaka 1956 Uingereza ikapitisha sheria ya hewa safi. Kalemie si London, na moshi wa mikebuka si moshi wa makaa ya mawe ya mji wa mamilioni ya watu. Lakini kifuniko ni kile kile.

Baada ya mazungumzo yale, mama alidhani amepata mkosaji: pipa lake. Kisha mwezi ukawa mweupe. Wavuvi wa Tanganyika wanavuta ndagala kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, basi wengi wanapumzika. Siku hizo samaki walipungua sokoni, na pipa la mama likabaki baridi karibu juma zima. Mtoto akaendelea kukohoa. Alikohoa kidogo kuliko siku za moto, lakini alikohoa, na alama kwenye mlango zikaongezeka.

Jambo hilo lilimwumiza, na pia lilimfumbua macho. Alitoka alfajiri, akapanda kilima, akatazama chini. Aliona bonde zima likifuka. Huyu anachemsha maji ya kuoga, yule anapika vitumbura vya kuuza kwa wanafunzi, mwingine amechoma takataka jioni na jivu bado linatoa moshi. Umeme wa Bendera haufiki kila nyumba, na hata pale unapofika, makala ndiyo inayopika bukari. Kila moto peke yake ni mdogo. Bonde linaikusanya yote katika bakuli moja, na mtoto wa miaka 4, aliye karibu na udongo kuliko mtu mzima, analala chini ya bakuli hilo.

Kulikuwa pia na moshi ambao haukuwasha mtu yeyote wa bonde lile. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa na wa kumi, moto wa porini unatembea kusini mwa Kongo, Zambia, Angola na Tanzania. Watu wanachoma majani kusafisha mashamba, kutafuta majani mabichi ya mifugo, kuwinda, na mara nyingine moto unawashinda. Satelaiti zinauona kila mwaka kama utepe wa nukta nyekundu. Wakati huo huo upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, ule ambao watu wa pwani wanauita kusi. Chembe za moshi zikifika juu zinaweza kusafiri siku kadhaa bila kuanguka, kwa sababu hakuna mvua ya kuziangusha. Ndiyo maana mwezi wa nane na wa tisa jua la Kalemie linazama likiwa jekundu kama chungwa, na milima ya Tanzania ng'ambo ya ziwa inapotea majuma mazima.

Safari za moshi huo zimechunguzwa. Mwaka 2000 wachunguzi wa nchi nyingi, katika kazi iliyoitwa SAFARI 2000, waliufuata kwa ndege kusini mwa Afrika, wakauona ukitoka kama mto kuelekea Bahari ya Hindi. Kati ya 2016 na 2018, shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha ndege katika kazi ya ORACLES kuchunguza moshi wa kusini na katikati ya Afrika juu ya bahari ya Atlantiki, maelfu ya kilomita kutoka ulikowaka. Moto wa majani ya Katanga unaweza kuchafua mbingu ya watu ambao hawajawahi kusikia jina la Katanga. Na sisi pia tunapokea wa wenzetu.

Wenye ndugu Goma wanalijua somo hili kwa njia nyingine. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi ya salfa bila kuomba ruhusa ya mtu. Mara nyingi upepo wa juu unatoka mashariki, basi moshi unaelekea magharibi, upande wa Masisi, ambako mvua inaweza kushuka ikiwa chachu na kuunguza majani ya mimea. Goma, iliyo chini ya mlima kabisa, inapona siku nyingi. Upepo ukigeuka, Goma nayo inakohoa.

Hata upepo unaosafisha una deni lake. Huko Marekani, kando ya Ziwa Michigan, wataalamu waliona kwamba hewa chafu ya Chicago na viwanda vya jirani inakwenda juu ya maji, inapikwa na jua mpaka inatoa ozoni, kisha upepo wa mchana unairudisha nchi kavu, mara nyingine mbali na mahali ilipotoka. Kwa hiyo moshi uliokuwa unasafiri na wavuvi haukuwa umekwisha. Sehemu ilitawanyika, na sehemu inaweza kuwa ilirudi asubuhi kwa watu wengine. Mama aliposikia hayo kutoka kwa kijana mmoja wa mtaani anayesoma jiografia, alinyamaza kwa muda. Miaka 20 hakuwahi kujiuliza moshi wake ulilala kwa nani.

Hakuweza kuzima moto wa Zambia. Hakuweza kulihamisha bonde. Kitu alichokuwa nacho mkononi ni saa. Tangu zamani aliwasha pipa jioni, akaacha samaki wakauke usiku kucha ili alfajiri wawe tayari kwa wanunuzi. Sasa aliamua kuwasha saa nne ya asubuhi, wakati kifuniko kimevunjika na upepo wa ziwa umeanza kuvuka kilima, na kuzima kabla jua halijazama.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Upepo wa mchana unakula kuni. Ilimbidi anunue bati mbili kuukinga moto, na bado mzigo wa kuni uliokuwa unatosha siku mbili ukaisha kwa siku moja na nusu. Mnunuzi mmoja aliyezoea kuchukua samaki wa moto alfajiri alihamia kwa mwingine. Jirani naye alikuja na ndoo mkononi, amekasirika:

— Mama, zamani moshi yako ilikuwa ya usiku, tulikuwa tumelala. Sasa unatuvukizia nguo mchana?

Walizungumza muda mrefu pale kwenye uzio. Jirani ana watoto watatu, na mmoja naye anakohoa. Hakuwa amelinganisha saa. Walikubaliana siku mbili kwa juma ziwe za kufua, na siku hizo mama atawasha upande wa chini wa kiwanja. Jirani naye akaacha kuchoma takataka jioni. Sasa anachoma kidogo adhuhuri, na maganda anayafukia shambani.

Je, mtoto alipona? Hakupona kabisa. Alama zilipungua: kutoka karibu kila alfajiri hadi mbili au tatu kwa juma. Zilizobaki ni za bonde zima na za moto wa mbali. Kisha mwanzoni mwa mwezi wa kumi ilinyesha mvua kubwa ya kwanza, ile yenye radi inayopiga bati kama mawe. Matone yanapoanguka yanakamata chembe za moshi na vumbi, na ndani ya mawingu yenyewe maji yanajikusanya juu ya chembe hizo, yanashuka nazo. Maji ya kwanza yaliyotoka kwenye mapaa yalikuwa ya kahawia. Mama aliwakataza watoto kuyakinga kwa kunywa. Kesho yake milima ya ng'ambo ilionekana wazi, na mtoto alilala mpaka jua likamkuta.

Lakini mvua nayo si mganga wa kila kitu. Inaosha mbingu, haioshi jikoni. Masika watu wanaingiza moto ndani, wanafunga mlango, kuni ni mbichi, na moshi unakosa pa kutokea. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020 duniani kote. Hatari kubwa iko katika chembe ndogo kuliko mikromita 2.5, wakati unywele wa kichwa una unene wa mikromita karibu 70. Chembe hizo zinapita pua na koo, zinafika mwisho wa mapafu. Mwaka 2021 OMS ilishauri zisizidi mikrogramu 15 katika kila mita ya mchemraba ya hewa kwa siku. Jikoni penye moshi na mlango uliofungwa, kiasi hicho kinapitwa mara nyingi sana. Dirisha dogo juu ya moto, kuni zilizokauka, na mtoto kulala chumba kingine ni dawa zisizohitaji fundi kutoka mbali.

Mjini Kalemie watu wanasikiliza habari za upepo kwa sababu ya mitumbwi. Mvuvi akisikia upepo mkali unakuja, anabaki nyumbani, na hakuna anayemcheka. Habari hiyo hiyo ingeweza kumsaidia anayepika, anayechoma takataka, anayekausha samaki na mwenye mtoto wa kifua. Usiku wa nyota na utulivu, usichome kitu bondeni. Subiri jua livunje kifuniko. Wakubwa wa mji wanapotafuta mahali pa kuwahamishia waliofukuzwa na ziwa, wasitazame tu kama maji yatafika. Watazame pia kama hewa inapita. Bonde lisilo na mafuriko linaweza kuwa na mafuriko ya aina nyingine, yasiyolowesha miguu.

Mlango wa jikoni bado una alama zake. Mama hajazifuta, kwa kuwa mwaka ujao kiangazi kitarudi na anataka kulinganisha. Kaka yake anapita karibu kila asubuhi, anaegemea fimbo, anatazama majani ya mwembe. Siku hizi mama haulizi tena samaki wamepatikana ngapi kabla ya kuuliza jambo lingine:

— Yaya, upepo umefika?

Mzee anangoja kidogo, mpaka majani ya juu yatikisike.

— Umefika. Washa.